Chumba Kisichofunguliwa Dirisha

Mke wangu Bun-rye alifuma kitambaa cha mosi miaka arobaini na mmoja, katika chumba kilichozama nusu ardhini nyuma ya nyumba yetu, na miaka yote hiyo mimi nilimwona mkaidi tu. Kiangazi kikiwaka nilipita nikitoka shambani, nikamkuta amelowa jasho, nikamfungulia dirisha. Naye akalifunga. "Utaniua kwa huruma yako," alisema. Nilicheka. Uzi wa mosi ni gome la mmea lililochanwa kwa meno mpaka likawa kama unywele, nao unataka hewa nzito yenye unyevu. Hewa kavu ikiugusa, unakatika. Hilo nimekuja kulijua nina miaka sitini na tisa, yeye yuko kaburini.

Wakubwa wa wilaya hawajalijua hadi leo. Mara tano walimwita ukumbini kwao afume mbele yao, penye mashine za kupoza hewa, ili wampe cheti cha ufundi. Mara tano nyuzi zikakatika, wakaandika: ujuzi hautoshi. Alipokufa walileta shada la maua refu kuliko mlango wangu, na baada ya shada, barua. Kitanda chake cha kufumia ni urithi wa wilaya. Kama nyumbani hapa hakuna anayeweza kufuma shubiri moja mbele ya mkaguzi bila uzi kukatika, kitachukuliwa kikawekwe nyuma ya kioo. Nilipewa viangazi viwili. Nyumbani hapa nimebaki mimi peke yangu.

Mfumaji hufungwa kwenye kitanda hicho kwa mkanda wa kiunoni, na mgongo wake ndio unaovuta nyuzi zikakaza. Mkanda wa Bun-rye bado umepinda kwa umbo lake. Sina kingine chake chenye umbo hilo.

Alinifundisha dada yake, Mal-sun, bibi wa miaka sabini na nane ambaye meno yake ya mbele yote yaliishia kwenye mosi.

"Shemeji, hivyo vidole au figili?"

"Fundisha, dada. Matusi baadaye."

"Nafanya yote mawili. Umeegemea nyuma mno. Unavuta ng'ombe?"

Kiangazi cha kwanza sikufuma hata upana wa kidole. Midomo ilipasuka kwa kuchana gome, nikala wali uliolowekwa maji kwa sababu chumvi iliniunguza. Siku moja nilishindwa kuvumilia joto, nikafungua dirisha mwenyewe, kidogo tu. Nyuzi nilizoandaa kwa wiki sita zilikatika mbele ya macho yangu. Nililia, na Mal-sun akajifanya anatafuta kijiko. Cha pili, mwishoni mwa Julai, nilifikisha shubiri na vidole viwili.

Mkaguzi, Bwana Guk, alikuja Jumanne, na vijana wawili wa kubeba wakabaki nje kwenye lori.

"Mzee, humu mnaishije? Ni kama ndani ya sufuria."

"Funga mlango, baba," Mal-sun alimwambia. "Au kuna ng'ombe wako anafuata?"

Nilianza. Vidole vinne vya kitambaa vilitoka safi, sikuamini ni mikono yangu. Bwana Guk akainama aone vizuri, akatoa mfukoni feni ndogo ya mkononi, akaielekeza shingoni mwake. Niliusikia uzi kabla sijauona. Tik.

"Zima hicho."

"Kifeni tu, mzee."

Tik, tik. Mal-sun alimpokonya akakitumbukiza kwenye ndoo. Nyuzi ishirini na tatu zilikuwa zinaning'inia.

"Zimekatika," alisema Bwana Guk, akiangalia ndoo. "Lazima niandike nilichoona."

"Andika na ulichoshika," nikamwambia.

"Fomu haina nafasi hiyo." Akafunga faili. "Fungua mkanda, mzee. Vijana wanangoja."

Nililowesha ncha ya uzi kwa mate, nikaiviringisha na mwenzake. Sikufungua. Alisubiri, akafuta jasho, akatoka, akarudi. Kubeba kitanda chenye mtu ndani yake nako hakukuwa na nafasi kwenye fomu. Alisema atarudi Alhamisi na mkubwa wake, na nikiwa nimefuma shubiri kufikia hapo, wataiangalia.

Siku mbili nilifungua mkanda kwenda chooni tu. Mal-sun alinilisha kwa kijiko.

"Una mate bado?"

"Kidogo."

"Nitukane, yatakuja."

Uzi wa kumi ulikatika mara tatu. Mara ya nne alinisukuma bega mbele, taratibu. "Legea. Yeye alikuwa akilegea hapo." Nililegea ndani ya umbo la mgongo wake, na uzi ukashika.

Alhamisi asubuhi nilikuwa nimeunga wa kumi na saba. Zilibaki sita, na shubiri nzima ya kuanza upya. Lori likasimama nje. Mal-sun aliinuka, akaegemeza mgongo wake mlangoni.

"Unga," akasema.