Maji ya Mtungi wa Kusini

Lianfang alikuwa hajatimiza hata wiki mbili Harbin, kaskazini mwa China, pua ilipoanza kumtoka damu. Alikuwa jikoni anaosha mchele, akaona tone jekundu limeanguka kwenye maji, likafuatiwa na jingine, na kabla hajang'amua kulikoni, mchele mzima ulikuwa umegeuka rangi.

"Inua kichwa!" akapiga kelele mama mkwe wake, Teng Shuqin, akiacha kisu na kabichi mezani. "Aa, usiinue, inamisha! Bana pua. Bana kwa nguvu, mwanangu, pua haivunjiki."

Akamkalisha kwenye kigoda, akamwekea kitambaa cha maji baridi kisogoni.

"Si ugonjwa," alisema. "Ni nyumba. Mabomba yamewashwa. Kila mtu wa kusini anayekuja huku lazima atoe damu kidogo, ndiyo kodi yake."

Mabomba yenyewe, ya kupashia nyumba joto, yalikuwa ya chuma, makubwa, yamepangwa chini ya kila dirisha. Yaliwashwa kwa mtaa mzima katikati ya Oktoba na kuzimwa katikati ya Aprili, na hakuna mwenye nyumba aliyeweza kuyapunguza wala kuyaongeza. Nje mate yaliganda kabla hayajafika chini. Ndani watu walikaa na fulana, milango ya kabati ikilia na kupasuka, na ukigusa kitasa cha mlango cheche inakurukia kidoleni. Midomo ya Lianfang ilipasuka. Vidole vyake vilichanika kwenye maungio, akawa hawezi kukamua nguo bila kuuma meno.

Alikozaliwa yeye, Sichuan, katika mji mdogo kando ya mto, ukungu huingia ndani bila hodi. Kule nguo huanikwa siku nne na bado zina unyevu, chumvi huyeyuka kwenye kopo, na viatu vikisahauliwa uvunguni huota ukungu wa kijani. Alipokuwa msichana alilalamika kuhusu hayo kila siku. Sasa alitamani shuka lenye unyevu kama mtu anavyotamani chakula.

Basi akaanza kupigana na ile hewa. Aliweka mabeseni ya maji juu ya mabomba. Alipiga deki asubuhi na jioni, na akifika mlangoni kule alikoanzia kumeshakauka. Alitandaza taulo mbichi juu ya viti, akaanika nguo za familia katikati ya sebule, hata mtu akitaka kupita alipasua njia kati ya suruali za ndani kama anayevuka shamba la mahindi.

"Desheng!" mama mkwe aliita siku moja, amenasa kwenye shuka. "Njoo umwone mkeo! Umetuletea mke au umetuletea bata? Bado kidogo aote matete hapa!"

Desheng, aliyekuwa fundi wa injini za treni na siku nyingi hakuwepo nyumbani, alicheka tu. Yeye ndiye aliyekwenda kusini kujenga reli akakutana na Lianfang kwenye foleni ya tambi, akamwambia kwao kuna theluji nzuri. Juu ya ukavu hakusema neno.

Kitu kimoja tu Lianfang hakukifanyia mzaha. Nyuma ya mlango wa jikoni ulikaa mtungi wa udongo wa achari aliousafirisha kwenye treni siku tatu, ameupakata mapajani. Mtungi ule haukuwa kama makasiki ya huku kaskazini, yanayofunikwa kwa jiwe. Shingo yake ilizungukwa na kijifereji. Unatia maji ndani yake, unafunika kwa bakuli lililopinduliwa, na maji yale ndiyo yanayozuia hewa isiingie. Kijifereji kikikauka, hewa inapita, na achari inaoza. Ndani mlikuwa na maji ya chumvi aliyopewa na mama yake siku ya kuondoka, yaliyochotwa kutoka mtungi wa nyumbani ambao mama naye alianzia kwa maji ya mama yake. Figili, tangawizi na kunde changa huliwa zikaisha, lakini maji hayamwagwi. Huongezwa chumvi, yakaendelea.

Kule kwao kijifereji kilitiwa maji mara moja kwa wiki, tena mtu akikumbuka. Harbin kilikauka kwa siku moja. Lianfang alikijaza anapoamka, akakijaza tena anaporudi kutoka kazini.

"Harufu gani hii," mama mkwe alisema akiziba pua. "Soksi za dereva wa treni hazifiki hapo. Na wewe unaunywesha maji kama mtoto mchanga!"

"Mama, onja kipande kimoja tu."

"Nionje! Nina watu wananitegemea."

Mwezi wa Januari, wiki moja kabla ya sikukuu ya mwaka mpya wa kwao, ikaja telegramu ya maneno manne kutoka kwa kaka yake: Mama mgonjwa, rudi haraka. Lianfang akafunga mkoba siku ile ile. Mlangoni, koti limeshafungwa hadi kidevuni, akageuka.

"Mama, mtungi..."

"Nimeona unavyofanya. Nenda."

"Mara mbili kwa siku. Usipo..."

"Nenda, nimesema! Nimelea watoto watatu, nitashindwa na chungu?"

Alifika amechelewa kwa siku mbili. Mama yake alikuwa ameshazikwa juu ya kilima, na mvua nyembamba ya kusini ilikuwa inaunyeshea udongo mbichi. Lianfang alipiga magoti pale mpaka maji yakapenya suruali. Midomo yake ilikuwa imeanza kupona kwenye hewa ile laini, na jambo hilo lilimwuma, kwamba mwili wake unafurahi kurudi nyumbani siku kama ile.

Aliporudi ndani akaenda moja kwa moja jikoni. Pale pembeni pa sufuria ya wali palibaki alama ya duara sakafuni.

"Mtungi uko wapi?" akamwuliza mke wa kaka yake.

"Wifi, mama alilala kitandani miezi miwili, hakuna aliyeushika. Maji yakatoa utando mweusi. Nikamwaga." Yule mwanamke akamwona usoni, akaanza kulia. "Sikujua, wifi. Kwetu achari tunanunua sokoni. Sikujua kama ni kitu."

Lianfang hakumgombeza. Lakini siku tatu zote za treni ya kurudi, akiangalia mashamba yanakauka, yanakuwa ya kahawia, kisha meupe, alikuwa na wazo moja tu. Yaliyobaki yako Harbin, nyuma ya mlango.

Alikuta sebule imejaa nguo mbichi zilizoanikwa, na mabeseni yamejaa maji juu ya mabomba. Hakuna aliyemwomba mama mkwe afanye hivyo. Lakini nyuma ya mlango wa jikoni hapakuwa na kitu.

Teng Shuqin alisimama kando ya meza, mikono kwenye aproni. Lianfang hakuwahi kumwona hajui pa kuiweka mikono yake.

"Kaa kwanza," alisema. "Kunywa chai."

"Mtungi uko wapi, Mama?"

"Nilitia maji. Mara mbili kwa siku, wakati mwingine tatu, maana baridi ilizidi na mabomba yakawaka kama tanuri. Desheng ni shahidi. Halafu sikukuu ikafika, dada yangu akaniita kwake siku mbili. Nikajiuliza, nani atatia maji? Moto wa nyumba hii ndio unaoyanywa. Nikasema, nje kule roshani hakuna kinachokauka. Nikauweka roshani, pamoja na kabichi za akiba." Akakunja pindo la aproni. "Niliporudi ulikuwa umepasuka. Yaliganda ndani yakausukuma. Miaka sitini nimeishi kwenye barafu, Lianfang, na sikufikiria."

Lianfang akakaa, sasa ndipo alipokaa. Hakulia. Alisema kwa sauti ndogo kwamba mama amezikwa, na mtungi wa nyumbani umemwagwa, na hakuna tena. Akayarudia hayo mara mbili tatu, kama anayejaribu kuyazoesha mdomo.

Mama mkwe alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akafungua mlango wa roshani, baridi ikaingia kama moshi, akarudi amebeba beseni lililofunikwa kitambaa. Ndani mlikuwa na donge kubwa la barafu ya rangi ya chai, bado lina umbo la mtungi, figili na pilipili zikionekana katikati yake.

"Niliuondoa udongo kipande kipande," alisema. "Nikaliosha kwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Nikasema, lilivyo barafu haliozi, lisubiri mwenyewe. Kama nimekosea hapo pia, niambie."

Lianfang akaweka mikono yake miwili juu ya barafu ile, mpaka mama mkwe akamwondoa kwa kumvuta mkono wa koti.

Waliliacha liyeyuke polepole mbali na mabomba, siku nzima. Mtungi wenye kijifereji haukupatikana Harbin nzima. Desheng alizunguka masoko mawili akarudi na chupa pana ya kioo yenye kifuniko cha kuzungusha. Wakachuja maji kwa kitambaa safi. Lianfang akaongeza chumvi, tangawizi, figili mpya, na konzi ya mwisho ya zile pilipili za kwao zinazotia ulimi ganzi. Kisha wakangoja. Siku ya nne mapovu madogo yakaanza kupanda kwenye kioo, na mama mkwe, aliyekuwa akipita pale kila baada ya dakika kumi akijifanya anatafuta ufagio, ndiye aliyeyaona.

"Yanapumua!" alipiga kelele. "Lianfang! Yapo hai haya!"

Siku ya nane Lianfang akatoa kipande, akakikata, akatia mdomoni. Kilikuwa kichachu, kikali, kizuri. Hakikuwa cha mama yake. Kilikaribia sana, kama sauti ya mtu unayemfahamu akiongea chumba cha pili, unainuka kwenda kumwona unakuta ni jirani. Hapo ndipo alipolia, akitafuna.

Teng Shuqin akavuta kigoda, akakaa mbele yake. Kwa mara ya kwanza akachukua kipande, akakiweka mdomoni. Uso mzima ukajikunja.

"Mungu wangu! Siku tatu umepakata hiki?" Akapepea ulimi kwa mkono. Lakini hakukitema. Akatafuna taratibu, kisha akasema, "Mimi nilitoka Shandong, kule pwani, nina miaka tisa. Mwaka wa njaa. Baba alituleta huku, mama akabaki na bibi, akasema atakuja mavuno yakipatikana. Uso wake umeshanitoka. Nakumbuka tu kwamba nywele zake zilikuwa na unyevu wa bahari kila wakati, na sisi tulikuwa tunagombania kulala upande wa nywele."

Lianfang alifuta macho kwa kiganja. Miezi yote hii alikuwa akidhani mwanamke huyu ameota hapahapa, kama jengo.

"Alikuwa anapika nini, Mama?"

Yule mzee akatazama dirisha lililofunikwa maua ya barafu.

"Sijui," alisema mwishowe. "Kila mwaka naambiwa na dada yangu, na kila mwaka nasahau tena."

Akachukua bakuli tupu mezani, akalisukuma mbele. Lianfang akafungua chupa, akamwekea vipande vingine vitatu.