Gari la Viti Viwili

Jumanne, tarehe saba Agosti 1956, saa mbili asubuhi, muuguzi Donat Kamate alikuwa amesimama mbele ya gereji ya Ntirenganya pale Birere, mtaa wa mjini Goma, kofia mkononi, akilitazama gari la spoti la viti viwili alilotaka kulinunua. Zamani lilikuwa jekundu. Sasa lilikuwa na rangi ya tofali kuukuu, taa moja imefungwa kwa waya, na turubai la juu limetiwa viraka vya gunia. Mwenyewe, Mbelgiji aliyekuwa na shamba la pareto kule Kibati, alikuwa anarudi kwao, na wazungu wenzake wote walikuwa wamelikataa.

Fundi Ntirenganya alitoka chini ya gari akajifuta mikono.

"Papa Infirmier, hii gari ilitembea sana. Kilometa cent soixante mille, elfu mia moja na sitini, na yote ya barabara ya mawe. Moteri iko nguvu. Lakini inavuja."

"Mafuta?"

"Mafuta kidogo. Zaidi inavuja watu. Gari ya kilometa mingi, watu yenye ilibeba wanabakia ndani. Usiogope, hawaharibu viti."

Kamate aliuliza kama breki ni nzima. Aliambiwa ni nzima, akalinunua.

Tuseme ukweli, halikuwa gari la kwendea kazini. Lilikuwa chini mno, na mawe ya volkano yalilikwaruza tumbo tangu Kibati mpaka mjini. Lakini Kamate alikuwa amepewa nyumba Kibati na kazi hospitalini Goma, kilomita kumi na moja kila asubuhi, na mkewe Émérance alikuwa kaburini kule Butembo mwaka wa tatu sasa. Pale Kibati hapakuwa na mtu hata mmoja wa kusema naye Kinande, lugha ya kwao. Gari kubwa lingemwonyesha kila siku viti vingi vitupu. Hili lingemwonyesha kimoja. Hiyo ndiyo sababu yake, na mimi simcheki, ingawa majirani walicheka mpaka wakashika mbavu.

Asubuhi ya tatu, alipofika kwenye mikaratusi ya shamba la pareto, msichana wa miaka mitano alikuwa ameketi kando yake. Alivaa gauni jeupe na viatu vipya vilivyombana, amekumbatia kifurushi, na alikuwa akilia bila sauti. Ngozi yake ilikuwa nyeupe zaidi kuliko ya watoto wa kijijini. Kamate alimpa kitambaa cha mkononi. Mtoto alijifuta pua, akasema asante, akaendelea kulia.

Mjini, gari lilikataa kukata kona ya hospitali. Lilikwenda moja kwa moja mpaka kwenye kizuizi cha mpaka wa Ruanda. Ofisa alifungua droo, akatoa karatasi, akaisoma, akasema iko en ordre, haina kasoro. Mtoto alishuka, akapita chini ya ule mti uliozuia njia, akaenda zake. Ndipo gari lilipokubali kwenda hospitalini. Kamate alichelewa dakika ishirini na tano, akakatwa mshahara wa nusu siku.

Ilikuwa hivyo kila siku. Wiki ya pili, pale kwenye mikaratusi, mwanamke mmoja aliyekuwa akichuma pareto aliweka kikapu chini akaja dirishani. Aliitwa Mukantwari.

"Ni mutoto yangu, Dancille," alisema, kama mtu anayeonyesha mbuzi wake. "Muzungu alimupeleka na hii gari, sasa ni miaka saba."

Alieleza yote akiwa amesimama. Yule mwenye shamba ndiye aliyekuwa baba. Siku moja Mukantwari aliletewa karatasi na wino, akabonyeza kidole gumba akidhani ni ya chanjo. Kumbe ilikuwa ya kumtoa mtoto, apelekwe misheni moja huko Ruanda walikokusanywa watoto wa aina yake, waliozaliwa na wazungu. Dancille mwenyewe, yule wa kweli, sasa alikuwa na miaka kumi na miwili. Masista walijibu barua moja tu: mtoto ni mzima, wala hahitaji wageni.

Kamate, ambaye kila siku ya Mungu alibonyeza vidole gumba vya akina mama kwenye daftari la chanjo, alivua kofia.

"Kwetu mutu haende hivi hivi," Mukantwari alisema. "Unamusindikiza, hata kidogo tu, mpaka kwa njia panda. Mie nililomba kumusindikiza. Muzungu akasema gari iko na viti mbili. Njo ile tu inaniuma, Papa. Sikumusindikiza."

Kamate alimwambia apande, ampakate mtoto. Alipanda, akampakata, na injini ikazimika. Alishuka, ikawaka. Walijaribu mara nne. Gari lilijua viti viwili, watu wawili, basi.

Usiku ule, naye akipika viazi vyake, Kamate aliona kwamba njia ni moja tu. Jumapili iliyofuata alianza kumfundisha Mukantwari kuendesha, kwenye uwanja wa lava ambako hapakuwa na cha kugonga. Aligonga hata hivyo. Jumapili ya tano alikuwa anabadilisha gia bila kutazama. Leseni hakuwa nayo, na hakuna ofisi ambayo ingempa, lakini pale kwenye kizuizi hakuna aliyewahi kuiulizia. Waliulizia ile karatasi ya kidole gumba, na karatasi ilikuwapo drooni.

Hivyo ndivyo Donat Kamate, mwenye gari la spoti, alivyoanza kwenda kazini kwa miguu. Saa kumi na moja na nusu alimkabidhi Mukantwari gari, mwenyewe akashika njia. Mukantwari alimchukua mwanawe pale kwenye mikaratusi, akamsindikiza mpaka mpakani, akaliacha gari hapo ili Kamate arudi nalo jioni, akarudi kwa miguu kwenda kuchuma pareto. Mara moja alijaribu kugeuza gari njiani ampeleke mtoto nyumbani. Gari liligeuka bila shida, kiti kikabaki kitupu. Hakujaribu tena. Mara nyingine alimwomba ofisa aifute alama ya kidole chake. Ofisa alimjibu kwa upole kwamba wino ukishakauka ni mali ya serikali.

Kamate na Mukantwari walikutana kila asubuhi karibu na kilomita ya saba, mmoja akishuka, mwingine akipanda. Mukantwari alimpa ufunguo.

"Alifika?"

"Alifika."

"Alilia?"

"Alilia sana. Alinishika hapa kwa shingo."

Alisema hivyo akijigusa shingo, na uso wake ulikuwa na nafuu. Kisha kila mmoja alikwenda upande wake. Kamate alikuwa akiyatamani maneno hayo machache tangu anapoamka. Siku nzima hospitalini hakuna mtu mwingine aliyezungumza naye jambo lisilo la vidonda.

Mwezi wa Desemba, asubuhi moja ya manyunyu, alifika kilomita ya saba asimwone. Ya nane, hayupo. Alimkuta kwenye ya tisa, ameketi juu ya jiwe jeusi, ufunguo umo kiganjani.

"Alifika?"

"Alifika."

"Alilia?"

Mukantwari alitikisa kichwa.

"Leo, hapana. Alishuka, akaniambia bonjour madame, kama mutu hanijue, akapita. Hakugeuka."

Kamate aliketi kando yake juu ya jiwe. Lori la ndizi lilipita likawarushia matope, na dereva akapiga honi kuwasalimu. Ilikuwa imetimia saa moja na nusu, na kazi ilikuwa inamsubiri kila mmoja wao. Mukantwari alisimama, akajipangusa kanga, akamwekea ufunguo mkononi.

"Kesho nitamufinya alie," alisema. "Kidogo tu."