Punje Moja, Tone Moja

Mimi, Mwanawema binti Matano, si mtu wa kushangaa ovyo. Nimeona meli ya chuma ikielea, nimeona Mzungu akiendesha baiskeli huku soksi zimemfika magotini, na sikufumbua mdomo. Lakini mwaka ule vita vya Mjerumani vilipokwisha, katikati ya msimu wa karafuu, nilikaa kwenye kigoda hospitalini nikatazama maji yakidondoka, na hadi leo nikikumbuka nywele zinanisimama.

Mdogo wangu Mwatum alikuwa ameshikwa na tumbo la kuhara. Tulidhani ni la kupita. Mama akampa uji wa muhogo, akampa maji ya shubiri, na kila alichokimeza kilitoka palepale, juu au chini. Siku ya pili macho yalikuwa yamezama ndani, midomo imepasuka, na vidole vimenyauka kama vya mtu aliyeshinda akifua. Mumewe Shaame na wenzake wakamweka kitandani, wakambeba kutoka kwetu Ole mpaka barabarani, na gari la karafuu likatuchukua sote, mgonjwa kalazwa juu ya magunia. Harufu ya karafuu ilikuwa imetujaa puani. Nilimwambia alie kama anaumwa, maana kulia hupunguza. Akakunja uso wake wote, lakini chozi halikutoka.

Hospitalini alitupokea nesi mmoja wa Unguja, Bi Siti binti Mmanga, mwanamke mwembamba mwenye saa imening'inia kifuani kama nishani. Kwanza sikumpenda. Watu wa Unguja wana tabia ya kukutazama kama wewe ndiye uliyechelewa. Alimfinya Mwatum ngozi ya tumbo, akaiachia, na ngozi ikabaki imesimama mahali pale kama kitambaa kilichokunjwa. Akatoka mbio kumwita daktari.

Daktari, Mhindi mrefu asiye na maneno mengi, alimfunga Mwatum mkono kwa kitambaa, akautafuta mshipa muda mrefu, akaupata, akaingiza sindano. Sindano ilikuwa na mpira mrefu mwembamba, na mpira ule ulipanda mpaka kwenye chupa ya maji iliyotundikwa kichwa chini ukutani. Katikati ya mpira palikuwa na kijichupa kidogo cha kioo, na ndani yake ndimo maji yalimodondoka. Tone. Kisha unangoja. Kisha tone jingine. Daktari akamwambia nesi, "Saa tatu, chupa moja," akaondoka.

Sasa nieleze jambo ambalo Bi Siti, pamoja na usomi wake, hakulifikiria asubuhi ile. Kwetu mtu akiwa anakata roho hutiliwa maji. Unachukua pamba, unaichovya, unamdondoshea mgonjwa midomoni tone kwa tone, huku mwengine anamsomea Yasini na mwengine anamtamkisha shahada. Asife na kiu, maana wazee wanasema saa ile shetani huja na bilauri ya maji baridi kumnunua mtu imani yake. Mzima hupewa maji kwa kata, hunywa akashiba. Maji ya tone kwa tone ni ya mtu anayeagwa.

Basi mama yangu, Bi Mize, alipoinua macho akaona maji yanadondoka vile, alikaa chini sakafuni.

"Wamemkatia tamaa," alisema. "Nyiye, mwanangu kakatiwa tamaa! Haya si maji ya kutilia?"

Nesi alikuwa ametoka kuchukua kitu. Mama akaanza Yasini, sauti chini, machozi yanamshuka. Shaame aliposikia Yasini, alishika miguu ya kitanda aanze kumgeuza mkewe aelekee kibla. Na mimi ninayejidai sishangai, nikashika upande wa pili nikamsaidia. Tulikuwa tumekigeuza nusu, mpira umenyooka mpaka unataka kuchomoka, ndipo mama akainuka akafuta macho kwa kanga.

"Hata kama afa," akasema, "mwanangu hafi na kiu. Chururu si ndo ndo ndo!"

Akakifikia kile kibanio cha chuma kinachobana mpira, akakilegeza. Maji yakaacha kudondoka, yakawa uzi mmoja unaong'aa.

Bi Siti aliingia wakati uleule. Sijapata kuona mtu akiruka vile. Alikaza kibanio, akatupigia kelele tukirudishe kitanda, akamtoa Shaame nje kwa kumsukuma mgongoni, na Shaame ni mpanda mikarafuu mwenye kifua kama mlango. Kisha akamgeukia mama, na nilijiweka tayari, maana angemtukana mama yangu pale, wallahi tungeshikana kanga. Lakini alimtazama mama usoni, akayaona yale machozi, na hasira ikamtoka.

"Mama," alisema, "umefanya nini?"

Mama akamweleza. Pamba, kiu, shetani na bilauri yake. Bi Siti alisikiliza mpaka mwisho, akapiga magoti mbele yake.

"Haya si maji ya kumuaga, mama. Haya ni ya kumzuia asiende. Mwatum haumwi tumbo tena, anaumwa ukavu. Maji yote ya mwili yamemtoka, na tumbo halikubali kupokea mengine, ndiyo tunayapitisha mshipani, yaende moja kwa moja kwenye damu."

"Basi mbona mwamnyima?" mama akauliza. "Chupa imejaa, mwampa kama ndege!"

"Kwa sababu moyo wake umechoka. Moyo ndio unaoyasukuma. Yakija yote kwa mpigo utashindwa, maji yatajaa mapafuni, na mwanao atazama hapahapa kitandani, nchi kavu. Tukimpa polepole mno, ukavu utamuua kabla. Kuna mwendo mmoja tu wa katikati, na huo lazima uhesabiwe."

Nikauliza unahesabiwaje. Niliuliza kwa ukali, kama mtu anayemuuliza mwenye duka mbona mizani yake inainama. Mimi nimepimiwa karafuu kwa pishi tangu utoto na najua mtu anavyoweza kuibiwa kwenye kipimo.

Bi Siti akachukua bomba dogo la sindano, akanionyesha mstari mmoja. "Kuujaza huu ni matone kumi na tano ya mpira ule. Chupa nzima ni mistari hii mia tano na arobaini. Zidisha." Nilibaki namtazama, akazidisha mwenyewe: matone elfu nane na mia moja. "Saa tatu ni dakika mia na themanini. Gawa. Kila dakika, matone arobaini na tano. Si hamsini, si arobaini."

Elfu nane na mia moja! Nilikitazama kile kijichupa. Nilikuwa nimeyaona maji maisha yangu yote, kisimani, mtungini, juani, na sikujua kuwa tone lina ukubwa wake kama punje ya karafuu ilivyo na wake, kwamba mtu anaweza kukaa na akili yake tu akajua ni mangapi yatakayoingia kwa ndugu yangu kati ya asubuhi na adhuhuri. Mungu ndiye anayejua idadi ya matone ya mvua, nilifundishwa hivyo chuoni. Na hapa mja aliyepewa kichembe cha elimu ile alikuwa amevaa kofia nyeupe iliyoinama. Nilisikia kicho, nasema wazi.

"Na tutajuaje kama yanamfaa?" mama akauliza.

"Kwa mkojo," alisema Bi Siti bila kupepesa. "Hajakojoa tangu lini? Mwili ukiwa mkavu unayabana maji yote. Ukishashiba kidogo, unatoa. Akikojoa, nitajua tumemrudisha."

Mama alijifunika mdomo kwa kanga. "Hana haya huyu," alininong'oneza.

Bi Siti akashika saa yake, akatazama matone, akakaza, akalegeza, mpaka akaridhika. Hapo mlango ukafunguliwa, daktari akamwita. Palikuwa na mwanamke mwenye uchungu aliyekwama uzazi, lazima apasuliwe, na nesi alikuwa mmoja tu. Nilimwona Bi Siti akiitazama saa, akatazama chupa, akatazama mlango. Saa ilikuwa moja, na kule ndani ilitakiwa kuhesabia mapigo ya yule mzazi aliyelazwa kwa dawa ya usingizi. Akiondoka nayo, mpira wetu unabaki bila mchungaji. Kibanio kile huteleza, alisema, na mwendo hubadilika wenyewe bila mtu kujua.

"Nani kati yenu anajua saa?" aliuliza.

Hatukujua. Kwetu saa ni jua na adhana.

Mama alikuwa amerudi kwenye dua zake. Alikuwa ameitoa tasbihi yake ya mbegu nyeusi, anavuta punje moja moja kwa kidole gumba. "Subhanallah. Subhanallah. Subhanallah." Bi Siti alisimama akamsikiliza. Kisha nikamwona anainua saa, anaitazama, midomo inacheza. Alingoja dakika nzima. Akarudia tena.

"Mama," alisema taratibu, "siku zote huvuta hivi?"

"Tangu nilipoolewa. Kila baada ya sala."

"Harakisha kidogo tu. Kidogo. Hapo. Hapo hapo, usiache."

Akakirekebisha kibanio, na mimi nikaona kwa macho yangu tone na punje vikikutana. Mama anasema Subhanallah, punje inashuka, tone linadondoka. Punje, tone. Bi Siti akanishikisha kibanio mkononi. "Tone likimtangulia mama, kaza. Mama akilitangulia tone, legeza, kiasi cha unywele. Na wewe, mama, ukimaliza punje thelathini na tatu usihamie Alhamdulillahi kama ufanyavyo baada ya sala. Lile ni refu, mwendo utaharibika. Rudia neno hilihili moja mpaka nirudi."

"Weye nenda," mama alisema kati ya punje na punje. "Miye nipo."

Akaenda. Tukabaki watatu, mmoja hajitambui.

Kwanza niliogopa hata kupumua. Mama alikaa wima kwenye jamvi, macho hayatoki kwenye kioo kile. Mwanamke aliyesoma Yasini asubuhi kumsindikiza mwanawe sasa alikuwa anamvuta kwa kamba ya mbegu, na kamba haikulegea. Mara moja tone lilichelewa. Punje ikashuka, kioo kikavu. Punje nyingine, kikavu. Nililegeza kibanio, wapi! Mama hakuweza kusema nami, maana kinywa kilikuwa na kazi, lakini alinitolea macho kisha akayapeleka kwenye mkono wa Mwatum. Alikuwa ameukunja. Nikaunyoosha, nikakirudisha kibanio kilipokuwa, nikaushika mkono ule usijikunje tena, na tone likaja. Baada yake jingine. Yakarudi kwenye mstari nyuma ya sauti ya mama.

Kutoka chumba cha pili tukasikia kitoto kinalia. Nikasema alhamdulillahi moyoni. Mama hakugeuka.

Maji yalikuwa yameshuka chupani chini ya nusu. Mama sauti ilianza kumkauka, ikakwaruza. Nilitaka kumpa maji ya kunywa, akakataa kwa kichwa, maana kumeza kungemlia punje moja au mbili. Ndipo nilipoona Mwatum anasogeza miguu. Nikaingiza mkono chini ya kanga yake kumweka sawa, na mkono ukakuta umajimaji. Moto. Mwingi. Nikautoa nikaunusa, na nisichekwe, kila mtu angenusa.

"Mama! Kakojoa!"

Wallahi sijapata kupiga kigelegele kama kile, hata siku ya harusi yake mwenyewe Mwatum. Nilipiga mpaka Shaame akagonga dirisha akidhani ni kilio. Nikamwambia mkeo kakojoa, akaanguka kusujudu palepale kwenye mchanga, mtu mzima, kwa ajili ya mkojo.

Na mama? Mama alilia. Mabega yalimtikisika, machozi yakamlowesha kanga mpaka kifuani. Lakini kidole gumba hakikusimama. "Subhanallah," punje. "Subhanallah," punje. Alikuwa na kigelegele chake kooni, nilikiona kinavyomsukuma, akakizuia. Chupa ilikuwa bado ina maji, na yeye alikuwa hajaambiwa aache. Nilimtazama mama yangu nikasahau kuendelea na changu.

Bi Siti alirudi damu imemrukia kwenye aproni. Aliinua saa yake mbele ya kile kioo, akahesabu dakika nzima, akaishusha taratibu. Akafunua kanga, akaona, akaweka kidole kwenye shingo ya Mwatum akakiacha hapo kitambo.

"Arobaini na tano," alisema, na sauti ya kiburi cha Unguja haikuwamo tena. "Basi, mama. Nimeshika mimi. Pumzika."

Mama alisimamisha kidole. Mwatum alikuwa amefumbua macho, anamtazama, na pembeni ya jicho lake palikuwa na chozi, la kwanza tangu Ole. Mama akalifuta kwa kidole kilekile. Kisha akavuta punje iliyofuata, polepole, sasa bila kumfuata mtu wala tone.

"Alhamdulillahi," alisema.