Nyumba Iliyochoka Kusimama

Wodini tulimwita Fundi Cheche, kwa sababu alikuwa mchomeleaji wa mageti, na mtungi wa gesi ulikuwa umemlipukia miguuni. Mtu mzima mwenye wajukuu, lakini kila asubuhi akisikia magurudumu ya toroli langu la bandeji, alishika vyuma vya kitanda na kufumba macho. Dawa ya maumivu ilisaidia nusu. Nusu nyingine alibaki nayo mwenyewe.

Siku ya nne, nikiilowesha shashi kwa maji ya chumvi ili iachie kidonda, nikajikuta nasema, sijui hata yalitoka wapi: "Palikuwa na nyumba iliyochoka kusimama mahali pamoja. Asubuhi moja ikainuka, watu wake wakiwa bado usingizini, ikaondoka kwa kunyata isije ikawaamsha."

Akafumbua jicho moja. "Ilipitaje? Geti lilikuwa wazi?"

"Limefungwa."

"La chuma au la mbao?"

"La chuma."

"Basi bawaba zake hazikuchomelewa vizuri," alisema kwa uchungu wa fundi. Shashi ilikuwa imeshatoka.

Tangu hapo nyumba ikawa inatembea kila asubuhi. Ilikatiza mashamba yenye umande, mapazia yakipepea. Ndege walitua kwenye bati lake wakidhani ni kilima. Wodi nzima ilinyamaza, hata mgonjwa wa kitanda cha pili, ambaye alikuwa halali kwa kulalamika.

Nilipopata mapumziko ya siku mbili, niliandika kwenye daftari la ripoti, chini ya maelezo ya kidonda: *Nyumba imefika mtoni, inaogopa maji. Iendelezwe.*

Muuguzi mkuu, mama asiyecheka ovyo, akaniita. "Hiki nini, binti yangu?"

"Bila hiyo hakubali kuguswa, mama."

Alinitazama juu ya miwani, akafunga daftari.

Niliporudi nilikuta mwandiko wake ulionyooka: *Nyumba imevuka. Kidonda cha kushoto kinakauka.*

"Bosi wako kaivusha juu ya wingu!" Fundi alinipokea. "Wingu, sista! Mama yule ujenzi haujui kabisa."

Kisha, asubuhi moja, kabla sijafungua mdomo, akasema, "Leo nasimulia mimi."

Nyumba, alisema, ilifika kwenye karakana. Ndani mtu alikuwa anachomelea. Mtu yule akasikia harufu ya gesi. Mteja alikuwa anasubiri, kilibaki kipande kidogo tu, akaona amalizie.

Akashika vyuma vya kitanda. "Niliisikia ile harufu, sista. Mke wangu nilimwambia sikusikia chochote."

Mikono yangu ilisimama. Nilitaka kumwambia yameshapita, nikajizuia. Nikauliza tu, "Nyumba ikafanyaje?"

"Ikakaa nje, inasubiri," alisema. Machozi yakamshuka mpaka masikioni, nami nikaendelea kufunga bandeji polepole.

Saa ya kuona wagonjwa alimwambia mkewe. Niliwaona kwenye kioo cha mlango: mkewe alimpiga bega, akalia, halafu akamenya chungwa, akamlisha kipande kimoja kimoja kama mtoto.

Wiki iliyofuata Fundi alishuka kitandani. Alipiga hatua nne mpaka dirishani, mkewe kamshika kiunoni, akimgombeza njia nzima.