Miche ya Pengoni

Mtaalamu aliishika mbegu ya mkoko kwa vidole viwili, kama aliyekabidhiwa panya mfu, akauliza juu ni wapi na chini ni wapi.

"Penye kichipukizi ndipo juu," alijibu Mama Kitalu.

Mtaalamu akaandika. Mtu mzima, kofia mpya, na buti za mpira zenye karatasi ya dukani bado imeganda kwenye soli. Huyo ndiye aliyekuja kuwafundisha watu wa mtaa kupanda mikoko.

Kwa miezi saba Mama Kitalu alikuwa amelea miche mia nne ya mikoko, akiizoesha maji ya chumvi kidogo kidogo, kama mtoto anayeachishwa ziwa. Yote ilikuwa ya pengoni, pale wakata nguzo walipofyeka mikoko, bahari ikapata mlango. Hatua sitini nyuma ya pengo kuna kisima. Tayari chai ya mtaa mzima ilikuwa na ladha ya machozi. Pengo likikaa wazi msimu mmoja zaidi, kisima hicho kitakuwa cha kuoshea samaki.

"Tutapanda kule," mtaalamu alisema, akionyesha fungu la mchanga ambako ndege wenye miguu mirefu walikuwa wakidonoa. "Panapendeza, na bango la mradi litaonekana."

"Pale mkondo unapita, baba. Mkoko haujawahi kusimama pale. Na hao ndege watakula wapi?"

"Mama, ndege wana mabawa."

Wageni aliokuja nao wakacheka. Aliyecheka zaidi ni shemeji yake Mama Kitalu, mwenyekiti wa kikundi cha wapanda mikoko, ambaye alianza hata kabla mzaha haujaisha.

"Shemeji, usituumbue mbele ya watu. Toa miche."

Mama Kitalu akaingia kitaluni, akatoka akiburuta gunia la mbegu alizozikataa, zilizokuwa zikingoja kuchomwa moto.

"Miche ni ya pengoni, siitoi. Mkitaka mbegu, hizi hapa. Nasema mbele ya Mungu na mbele yenu: ni mbovu, wadudu wamezitoboa. Hazioti hata mzisomee dua."

Mtaalamu akachungulia. "Ziko nyingi?"

"Gunia zima."

"Basi zinatosha."

Shemeji akamsogelea, meno yamebanana. "Kesho unanirudishia ufunguo wa kitalu."

"Kwa nini uhangaike mpaka kesho?" Akaufungua kwenye pindo la nguo yake, akamwekea kiganjani.

Huko mchangani walipanda kwa shangwe. Nusu ya mbegu zilisimama kichwa chini miguu juu, nazo zikapigiwa makofi sawa na wenzao. Mtaalamu alichafuka kidole kimoja, akaletewa sabuni.

Mama Kitalu hakubaki kutazama. Kabla shemeji hajakumbuka kufunga kitalu, yeye na wifi yake walikuwa wameshaihamisha miche kwa mabeseni, safari baada ya safari. Walipiga magoti kwenye tope la pengoni, wakachimba kwa mikono, mche baada ya mche, hatua moja kati yao.

"Kaka yangu yule," wifi alisema, akikwangua tope kwenye paji la uso. "Tumbo moja, ziwa moja. Sijui mama alikula nini."

"Usimsingizie marehemu. Chimba."

"Na kesho, wifi? Huna kitalu."

"Kesho ina mwenyewe. Maji ndiyo yanakuja leo."

Yalikuja kweli, wakati mche wa mwisho ungali mkononi mwa Mama Kitalu. Akauchomeka, akaushindilia kwa kisigino, akarudi nyuma. Maji yaliingia pengoni bila haraka, kama mwenye nyumba. Yakaufikia mstari wa kwanza, yakapanda mpaka jani la pili. Mche mmoja ukainama, ukalala.

Wifi akainua mguu ili akausimamishe.

"Uache ujiinue wenyewe," Mama Kitalu alisema.

Wakasimama pale pale, tope likiwafika magotini, wakiuangalia ule mche chini ya maji.