Mikanda ya Mbwa wa Fortunat

Miaka kumi na mmoja ya mwisho ya ndoa yetu nilipika nyama aliyoileta mume wangu Fortunat kutoka porini, na sikuwahi kuona jeraha hata moja. Nilinyonyoa kwale. Nilichuna simbiliki, yule panya mnene wa kwenye majani marefu. Hakuna tundu la mkuki, hakuna alama ya jino. Siku moja nilimuuliza. Akacheka, akampapasa mbwa wake kichwani.

"Mama Charline, mbwa yangu iko na kinywa ya padri. Inashika bila kuuma."

Nami nikacheka. Naandika hilo kwanza kwa sababu ndilo linalonichefua kuliko yote, kwamba nilicheka.

Fortunat alikufa kwa presha, nyumbani kwetu Katindo, hapa Goma. Siku za kazi alikuwa karani wa depo ya saruji. Jumamosi alikuwa mtu mwingine. Aliondoka alfajiri na rafiki yake Adalbert, fundi wa pikipiki, wakiwa na ndoano, gunia na mbwa. Alirudi ananuka majani na maji ya ziwa, akasimulia mpaka chakula kinapoa.

Mbwa wake hawakudumu. Kapita aliumwa na nyoka, alisema. Bijou aliibwa na askari. Mwingine alifuata jike hadi mji wa Sake, hakurudi. Kila mara Fortunat aliingia na kamba tupu mkononi, akakataa kula. Ili kumfariji, kila mbwa mpya nilimshonea mkanda wa shingo kwa mabaki ya vitenge vyangu. Kapita alivaa kile cha kijani cha msiba wa mama yangu. Bijou alivaa kile cha manjano chenye magamba ya samaki, kitenge cha harusi yetu. Wa mwisho, jike mwembamba aliyeitwa Madame, nilimpa cha bluu chenye miavuli.

Wiki moja kabla ya misa ya siku arobaini, Adalbert alikuja.

"Mama Charline, siku ya misa batu batakula nini? Maharagi? Kumaliza matanga ya muwindaji bila nyama ya pori ni haya. Nipe Madame, Jumamosi niende."

"Tutaenda wote," nikasema. Nilitaka kuona mahali ambapo mume wangu alikuwa na furaha.

Alijikuna shingo. "Kule si kwa bibi za batu."

"Mimi si bibi ya mutu tena."

Jumamosi alfajiri alikuja kunichukua.

Tulikwenda kwa pikipiki yake, Madame katikati yetu, ndani ya gunia, kichwa nje. Tulipopita mtaa wa Mugunga tuliiacha barabara ya Sake tukashuka kuelekea ziwani. Juu ya miamba myeusi Adalbert alinipa ndoano ya Fortunat. Sikujua hata kuitupa. Ilipovuta nilipiga kelele, nikatoa tilapia wa kujaa kiganja.

"Eh! Mukono ya bwana yako kabisa!" Adalbert akasema, akipiga makofi.

Tulipopanda tulichuma uyoga mweupe kwenye visiki vya mikaratusi, nikaukusanya ndani ya kitenge changu. Madame alikimbia huku na huku majanini, masikio juu. Kwa mara ya kwanza tangu mazishi nilipumua mpaka chini. Nikajisemea, kumbe hiki ndicho alichokuwa anakifuata. Naandika na hilo, maana ni kweli.

Kisha tukafika kwenye shimo.

Lilikuwa na ukubwa wa chumba cha darasa, majani kwenye ukingo, chini mawe ya volkano matupu. "Simama hapo juu," Adalbert akaniambia. "Usiiname." Harufu ya mzoga ilipanda ikanishika kooni. Lakini hapakuwa na nzi. Nilishangaa, harufu ile yote na hata nzi mmoja hakuna. Ndipo nikawaona: kwale watatu wamelala na manyoya yamepangika vizuri, simbiliki mmoja tumbo limevimba, nyoka amenyooka kama fimbo.

"Mazuku," nikasema. Kila mtoto wa Goma anaijua hewa hiyo inayotoka ardhini, ikajaa mashimoni asubuhi, ikaua bila kugusa.

"Hii njo muwindaji yetu," Adalbert akacheka. "Haichoke, haikose." Tayari alikuwa anamfunga Madame kamba. "Mbwa inashuka kwanza. Ikisimama, minashuka minakusanya. Ikianguka, tunangoja jua na upepo."

"Na mbwa?"

"Tunaivuta. Zingine zinaamuka."

"Na zingine?"

Alielekeza kwa kidevu. Ng'ambo ya shimo, chini ya jiwe, palikuwa na lundo la mifupa na ngozi zilizokauka. Kati yake niliona rangi ya manjano. Nilitazama tena. Magamba ya samaki. Chini yake, kijani cha msiba wa mama.

Adalbert aliona uso wangu. "Fortunat alikuwa analia kweli," akasema kwa sauti ya chini. "Kila mara. Sikudanganye."

"Nyama hii hukaa siku ngapi hapa?"

"Ya jana, ya juzi. Yenye imeanza kunuka tulikuwa tunaikausha kwa moshi."

Nyama ya moshi ndiyo niliyomtumia binti yangu Charline alipojifungua, ili apate nguvu. Niliinama pembeni nikatapika. Uyoga wote ukamwagika miguuni pangu.

Nilipoinua kichwa Adalbert alikuwa anamsukuma Madame kwenye ukingo. Mbwa alitanua miguu, kucha zikikwaruza jiwe. Hakubweka. Alipajua pale. Alikwisha kushuka mara nyingi, na kila mara mume wangu ndiye aliyeishika kamba.

Nikaikamata kamba. "Acha."

"Mama Charline, nyama ile pale! Batu batakuja na njaa."

"Nimesema acha."

Tulirudi na Madame ndani ya gunia. Mlangoni kwangu akasema, "Usiseme kwa batu. Acha marehemu na jina yake." Nikaitikia kwa kichwa. Hata mimi nililitaka jina hilo.

Baada ya misa watu waliketi uani. Niliwapa bugali, maharagwe na sambaza, wale dagaa wa ziwani. Baba mkwe wangu, muzee Zihindula, alifunua sufuria.

"Hii ni matanga ya muwindaji ao ni réfectoire ya seminari, maharagi kila siku?"

Watu wakacheka. Kisha Paulin, mdogo wake Fortunat, akasimama. Alisema atachukua mbwa na kamba ya kaka yake, Adalbert atamwonyesha mahali, na nyama ya pori haitakatika katika familia. Walimpigia makofi. Adalbert aliangalia sahani yake. Paulin alikwisha kumshika Madame kwa ule mkanda wa miavuli, anamvuta kuelekea mlangoni, na mbwa ametanua miguu vilevile kama pale shimoni.

Nilikuwa nimejiandalia maneno mengine ya siku hiyo, kuhusu baba mwema. Nikasimama.

"Mwache, Paulin. Fortunat hakuwinda. Aliokota."

Nikaeleza shimo, kwale, mbwa na moshi. Sikurefusha. Sylvie, mke wa Paulin, ambaye zamani aliniomba nimwekee mifupa ya kufyonza, aliziba mdomo akakimbilia nyuma ya jiko, tukamsikia. Mwingine aliufuta ulimi wake kwa kitambaa, kana kwamba nyama ya mwaka jana bado iko pale. Muzee Zihindula alivitazama vidole vyake.

"Na ile ya Noeli?"

"Na ile ya Noeli, muzee."

Akawaza. "Lakini ilikuwa tamu."

Paulin aliuachia mkanda, akapangusa mkono kwenye suruali. Adalbert aliondoka bila kuaga.

Wote waliondoka mapema. Mlangoni baba mkwe alinigeukia. "Umemuzika mara ya pili, binti yangu." Labda ni kweli.

Madame alilamba sahani zao zote, kisha akaja kulala kwenye miguu yangu. Nilichukua makasi nikaukata ule mkanda, nikautia jikoni, motoni.

Picha ya Fortunat bado iko ukutani. Amewashika kwale wawili kwa miguu, anacheka. Chini, kwenye ukingo wa picha, kinaonekana kipande kidogo cha kijani kwenye shingo ya Kapita, ambaye wiki hiyohiyo niliambiwa ameumwa na nyoka. Sijaitoa. Nikipita hapo, uso wa mume wangu siutazami. Natazama kile kipande cha kijani.