Sadaka Iliyooza Masanze

Msinisadiki nikisema harufu ile ilisimamisha treni pale Kilosa na kuwageuza tembo wa Mikumi njiani. Lakini kwamba ilinuka, Masanze nzima ni shahidi.

Ilikuwa sikukuu ya mavuno. Tulijaza chumba cha nyuma cha kanisa mahindi, maboga, na kuku waliofungwa miguu kwa kamba za mgomba. Vyote hunadiwa baada ya ibada. Mwaka huu mgeni rasmi alikwama Mikumi, mvua imekata barabara, na mzee wa kanisa, Cleopa, akasema ibada na mnada vitamsubiri. Akafunga mlango wiki nzima.

Wiki hiyo Angela, mke wa Lucas, mwana wa mjane Perpetua, alijifungua, maziwa yakagoma kutoka. Mzazi kwetu hunyweshwa mchuzi wa kuku. Perpetua alikuwa na mtetea mmoja tu, na alikwisha kumtoa sadaka. Akapitisha mkono dirishani, akamchukua. Manyoya yakaonekana jalalani kwake, akaitwa mbele ya wazee.

Mimi, ambaye uongo ndio kiinua mgongo changu, nilijitolea kushuhudia kwamba nilimwona mtetea akitoka mwenyewe, kamba kajitwika kichwani. Wazee wakacheka. Cleopa hakucheka. Alisema "Usiibe" haina mkia wa kuongezea neno "isipokuwa". Hata hivyo alimpa Perpetua upenyo: aseme alidhani kuku bado ni wake, au atubu, yaishe. Akikataa atatengwa, na aliyetengwa hazikwi na kanisa. Mume wa Perpetua amelala pale uani kanisani, na nafasi ya ubavuni mwake mama huyu huipalilia kwa mikono yake.

"Nilijua si wangu," akasema. "Nilishampa Mungu. Nimeiba."

"Basi tubu, Mama Lucas."

"Nitubu nini, baba, na mtoto ananyonya? Maziwa yakikauka tena nitarudi dirishani. Wizi ninao tayari, niongeze na kumdanganya Mungu?"

Cleopa akamtenga. Si mtu mbaya, na hilo ndilo linalonichefua zaidi. Kisha akafungua mlango.

Funza walitambaa juu ya macho ya majogoo. Maboga yameyeyuka, yametiririka chini ya mbawa. Kuku wachache waliobaki hai waliwadonoa wafu. Na magunia ya mahindi yalisimama palepale, hayajafunguliwa hata moja. Cleopa alieleza kwamba maji aliwapelekea kila asubuhi, lakini kuwamwagia mahindi kungekuwa kuiba sadaka ya Bwana.

Akatuomba, leso puani, tufukie kabla mgeni hajafika. Perpetua alipita uani, akasimama kidogo kwenye kaburi la mumewe, akaenda kumpikia mkwewe uji.

Sisi tulishika majembe. Nilitapika juu ya viatu vyangu vya ibada, nikajifuta mdomo, nikaendelea kufukia.